Vipuri vya breki: Asili, mbadala au ghushi? Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

DEREVA anayefika katika duka la vipuri mjini Nakuru kutafuta pedi za breki huulizwa swali moja karibu kila mara: anataka za asili au za kawaida?

Swali hilo huonekana jepesi, na wengi hulijibu kwa kutazama kilichomo mfukoni. Hata hivyo, limeficha mambo mengi. Kwanza, bidhaa zinazopangwa kwenye rafu za maduka hayo si za aina mbili tu, bali ni za aina tano au zaidi. Pili, jibu linalomfaa mkazi wa jiji lililo kwenye uwanda huenda lisimfae anayeishi katikati ya Bonde la Ufa, ambako karibu kila safari ina mteremko.

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, iko kwenye kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka huko kuelekea Eldoret hupanda hadi Timboroa, ambako hata reli hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700. Anaporejea, gari lake hushuka karibu mita 900 katika umbali usiofika kilomita 100, likipitia Mau Summit, Sachangwan na Salgaa. Anayeelekea Nyahururu hukabiliana na mteremko mkali wa Subukia, naye anayetoka Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu huteremka ukingo wa bonde kwa barabara iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Barabara hizi zimegharimu maisha ya watu wengi. Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki basi na lori yalipogongana eneo la Migaa, karibu na Sachangwan. Baada ya mkasa huo, pande mbili za barabara katika sehemu hiyo zilitenganishwa. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, liliwaua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi waliokuwa kando ya barabara.

Ajali huwa na sababu nyingi, na si haki kulaumu breki katika kila mkasa. Lakini hakuna dereva, hata awe stadi namna gani, anayeweza kulizuia gari kwa breki zilizokwisha nguvu.

KAZI YA BREKI MTEREMKONI

Breki haziondoi mwendo wa gari kwa kuufuta tu. Huugeuza kuwa joto. Pedi hukandamiza diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na msuguano baina yao huzalisha joto ambalo sharti lipotelee hewani.

Kwenye barabara tambarare, dereva hukanyaga breki kwa sekunde chache, kisha diski hupata nafasi ya kupoa. Mteremkoni hali ni tofauti. Gari linaloshuka mita 500 za kimo hutoa nishati sawa na ya kulisimamisha gari hilo hilo mara 20 mfululizo kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo, na sehemu nyingine na injini iwapo dereva ameingiza gia ndogo. Inayosalia yote huziangukia breki.

Hapo ndipo ubora wa pedi hudhihirika. Pedi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, madini na vitu vya kulainisha, vyote vikishikanishwa kwa gundi maalumu na kubandikwa kwenye bamba la chuma. Joto likipita kiwango ambacho gundi hiyo inakistahimili, gundi huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, lakini gari halipunguzi mwendo inavyotarajiwa.

Pedi duni hufikia hali hiyo mapema. Mbaya zaidi, nyingine hubanduka kutoka kwenye bamba lake. Hayo hayaonekani dukani, wala hayaonekani siku ya kwanza gari linapojaribiwa kwenye barabara tambarare kandokando ya gereji.

AINA TANO ZA VIPURI

Aina ya kwanza ni vipuri asili vinavyouzwa katika pakiti yenye jina la kampuni iliyounda gari, kama vile Toyota au Nissan. Mnunuzi hulipia jina hilo, lakini pia hupata hakikisho kwamba kipuri kinalingana na gari lake.

Aina ya pili haifahamiki na wengi. Kampuni nyingi za magari hazijitengenezei pedi. Huagiza kutoka kwa viwanda maalumu vya breki kama vile Akebono, Advics na Nisshinbo vya Japani, au Brembo cha Italia. Viwanda vya namna hiyo pia huuza bidhaa katika pakiti zenye majina yao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko zilizo na jina la gari. Hata hivyo, mchanganyiko wa pedi yenyewe si lazima uwe ule ule uliofungwa kwenye gari lilipotoka kiwandani.

Aina ya tatu ni vipuri mbadala vya viwanda huru ambavyo huenda havijawahi kuiuzia kampuni yoyote ya magari. Hapa ubora hutofautiana mno. Kuna majina yenye historia ndefu, mathalan Ferodo, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1897 na Herbert Frood. Kuna pia majina mapya ambayo hubadilika kila shehena inapowasili. Kusema kwamba vipuri mbadala vyote ni vibaya ni kosa, sawa na kusema kwamba vyote ni vizuri.

Aina ya nne ni vipuri vilivyotumika, vilivyong'olewa kwenye magari yaliyochakaa ng'ambo, ambavyo wauzaji huviita ex-Japan. Ya tano ni vipuri ghushi: bidhaa duni zilizotiwa katika pakiti inayoiga jina la kampuni nyingine.

Ni muhimu kutofautisha aina ya tatu na ya tano. Kipuri mbadala hutangaza waziwazi jina la aliyekitengeneza. Kipuri ghushi hudanganya. Mwenye kununua cha kwanza hujua anachokinunua, ilhali mwenye kununua cha pili hulipa bei ya asili, au karibu nayo, na kupata kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokubali kukiwajibikia.

ALAMA ZA KUTAFUTA

Mnunuzi hahitaji maabara kupunguza uwezekano wa kupunjwa. Kuna alama kadhaa anazoweza kuzisoma yeye mwenyewe akiwa kaunta.

Ya kwanza ni nambari ya kipuri. Katika magari ya Toyota, nambari za pedi za mbele huanza kwa 04465, za nyuma 04466, na za viatu vya breki 04495. Nambari kamili hutegemea nambari ya chesisi. Magari mawili yanayofanana kwa nje huenda yana pedi tofauti. Probox yenye chesisi inayoanza kwa NCP51, kwa mfano, haipaswi kudhaniwa kuwa na vipuri sawa na iliyofuata ya NCP160. Kwa hivyo, ni heri kwenda dukani na nambari ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi kuliko kutaja jina la gari na mwaka pekee.

Ya pili ni herufi mbili za msuguano ambazo watengenezaji wengi huchapisha kwenye ukingo au mgongo wa pedi kwa kufuata mfumo wa Marekani. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano katika joto la kawaida, na ya pili katika joto kali. E humaanisha kipimo cha kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55.

Pedi yenye alama ya FF hudumisha kiwango hicho hata ikipata moto, ilhali yenye FE hupungua nguvu joto linapopanda. Kwa anayeshuka Subukia au Sachangwan kila wiki, herufi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba herufi hizo hazielezi pedi itadumu muda gani wala kama itabanduka.

Ya tatu ni alama ya herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na nambari ya nchi iliyotoa idhini na maandishi 90R. E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia na E11 Uingereza. Alama hiyo humaanisha kwamba pedi imepimwa chini ya Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hudai uwezo wa pedi mbadala usitofautiane na wa asili kwa zaidi ya asilimia 15. Kipuri mbadala chenye alama halali ya aina hii kina ushahidi wa kukitetea. Kisicho nayo si lazima kiwe kibovu, lakini mnunuzi hubaki na neno la muuzaji tu.

Ya nne ni umbo lenyewe. Pedi nzuri ina kingo zilizonyooka, rangi inayolingana, na nambari ya toleo iliyochapishwa bila kufifia. Mbili zikilazwa pamoja, zinapaswa kuwa na unene sawa. Nyufa, mapengo baina ya pedi na bamba, maandishi yenye makosa ya tahajia, au pakiti iliyofunguliwa na kufungwa tena ni sababu tosha ya kuondoka.

Pakiti pekee si ushahidi. Walaghai huweza kuokota pakiti halisi zilizotupwa na kuzijaza bidhaa duni. Ndiyo sababu inashauriwa mwenye gari aichane pakiti ya zamani badala ya kuiacha gereji.

VILIVYOTUMIKA: KIPI KINAFAA?

Vipuri vya ex-Japan vina wateja wengi kwa sababu vimetoka kwenye gari halisi, na kwa hivyo ni vya asili. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kwamba kipuri ni cha asili hakumaanishi kwamba bado kina uhai.

Pedi zilizotumika hazifai kununuliwa. Haijulikani zimepitia joto la kiasi gani, wala kama mafuta yamewahi kuzimwagikia. Vivyo hivyo kwa mipira ya ndani ya silinda na mipira inayopeleka mafuta magurudumuni. Mpira huzeeka hata ukikaa rafuni, na ukipasuka mteremkoni hakuna pedi, iwe ya asili au la, itakayosaidia.

Diski iliyotumika inaweza kufaa kwa sharti moja: ipimwe. Diski nyingi zimechongwa maandishi ya unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimita. Fundi mwenye kipimo cha kufaa anaweza kuthibitisha kwa dakika moja. Diski iliyo chini ya kiwango hicho hupata moto upesi zaidi na huweza kupasuka.

Kalipa iliyotumika pia hukubalika iwapo pistoni yake haina kutu na mipira yake yote itabadilishwa kwa mipya.

RAHISI NI GHALI?

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika breki, msemo huo unaweza kupimwa kwa hesabu.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba pedi za bei nafuu zinauzwa Sh2,000 na kudumu kilomita 15,000, nazo bora zinauzwa Sh5,000 na kudumu kilomita 45,000. Fundi anatoza Sh500 kila anapozibadilisha. Za kwanza zitagharimu takriban Sh167 kwa kila kilomita 1,000, na za pili Sh122. Aliyedhani ameokoa Sh3,000 atakuwa amepoteza.

Hesabu hiyo haijagusa diski. Baadhi ya pedi duni zina metali ngumu kupita kiasi, na hukwaruza diski hadi ikabidi ibadilishwe mapema. Kwa upande mwingine, si kila pedi ghali hudumu. Ndiyo maana ni vyema dereva aandike daftarini tarehe na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi siku pedi zilipofungwa. Baada ya kuzibadilisha mara mbili au tatu, atakuwa na ushahidi wake mwenyewe badala ya kutegemea uvumi wa kituo cha matatu.

Mahali ambapo mwenye gari anaweza kuokoa fedha bila hofu kubwa ni kununua bidhaa ya kiwanda cha breki chenye sifa katika pakiti yake yenyewe, badala ya ile yenye jina la gari. Diski na ngoma za breki kutoka kwa viwanda mbadala vinavyotambulika pia hufanya kazi vizuri. Mahali ambapo hapaswi kubana matumizi ni kwenye mipira ya mafuta, silinda kuu na mafuta yenyewe.

MAFUTA YA BREKI YANAYOSAHAULIWA

Wapo wanaonunua pedi bora kisha wakaacha mafuta ya breki yaleyale kwa miaka mingi. Mafuta hayo hufyonza unyevu kutoka hewani, na kadiri unyevu unavyozidi ndivyo yanavyochemka kwa joto la chini zaidi.

Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205 za selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Yanapochemka, mvuke hujaa kwenye mirija. Mvuke hubanwa kwa urahisi, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Watengenezaji wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ni kosa kubwa kujazia mafuta ya injini au ya usukani. Hayo huivimbisha mipira ya breki, na kuiharibu.

UFUNGAJI NI NUSU YA KAZI

Pedi bora iliyofungwa vibaya ni sawa na pedi mbovu. Pedi au viatu hubadilishwa kwa jozi, yaani magurudumu yote mawili ya mhimili mmoja kwa pamoja. Zikichanganywa, gari huvutwa upande mmoja dereva anapokanyaga breki.

Pini ambazo kalipa huteleza juu yake husafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto. Grisi wala mafuta hayapaswi kugusa uso wa pedi. Vumbi la zamani halifai kupulizwa kwa mashine ya upepo au kwa mdomo. Asbesto, iliyokuwa ikitumiwa sana kwenye breki zamani, husababisha saratani, na hakuna anayeweza kujua kwa macho kama pedi ya zamani au isiyo na jina haina madini hayo. Kitambaa chenye maji ni salama zaidi.

Baada ya kufungwa, pedi mpya huzoeshwa. Dereva hutafuta barabara isiyo na msongamano, akapunguza mwendo polepole kutoka kilomita 60 hivi kwa saa hadi 10, mara kumi hivi, akiziacha breki zipoe baina ya kila jaribio. Safari ya kwanza baada ya kutoka gereji isiwe ya kushuka Mai Mahiu huku gari likiwa limejaa.

Pedi zilizobakisha milimita tatu hivi zinahitaji kubadilishwa. Sauti ya chuma kukwaruzana, pedali inayozama, usukani unaotetemeka au harufu ya kuungua ni ishara zisizopaswa kungoja mwisho wa mwezi.

HAKI ZA MNUNUZI

Sheria iko upande wa mnunuzi, mradi awe na ushahidi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inafanya uuzaji wa bidhaa za aina hiyo kuwa kosa, na ndiyo iliyounda taasisi ambayo leo ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ndilo husimamia viwango.

Ushahidi huo ni risiti. Muuzaji anayeandika jina la kiwanda na nambari ya kipuri kwenye risiti anayaweka maneno yake rehani. Anayekataa kuandika ameshajibu swali ambalo mteja hajauliza. Pedi yenye kasoro na pakiti yake zihifadhiwe pamoja na risiti hiyo, kwani malalamiko bila kielelezo hayafiki mbali.

Aidha, Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye gari kuhakikisha kwamba hali ya gari lake haihatarishi watu. Akisababisha ajali kwa breki mbovu, hatajitetea kwa kusema kwamba aliuziwa vibaya.

UAMUZI

Kwa muhtasari, mwenye gari la kawaida katika eneo hili hatakosea akichagua pedi za asili au za kiwanda cha breki kinachojulikana, zenye nambari inayolingana na chesisi yake na herufi ya pili ya msuguano isiyo chini ya F. Asiyemudu hizo atafute mbadala wenye alama ya E na 90R. Bidhaa isiyo na jina, nambari wala alama yoyote aiache rafuni, hata iwe ya bei gani.

Na hata baada ya kununua kilicho bora, mteremko unabaki kuwa mteremko. Gia anayotumia dereva kupandia ndiyo inayomfaa kushukia, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Breki zikanyagwe kwa vipindi, kisha ziachiliwe zipoe. Anayeshuka kutoka Timboroa akiwa na abiria nyuma yake, na wachuuzi wa viazi na kabeji wakiwa kando ya barabara mbele yake, hana nafasi ya pili ya kuchagua pedi.